Maiya Bhagmani, Aliyevukia Upande wa Punda

Alizaliwa Bhagmani mwaka 1871 katika kijiji cha Sirsauli, kando ya mto Kamla katika nchi ya Mithila, mwezi wa mvua ambao maji yalikuwa yameingia mpaka jikoni. Mama yake alijifungulia juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, na mkunga, aliyefika akiwa ameloa mpaka kiunoni, alisimulia baadaye kwamba mtoto hakulia bali alipiga miayo. Wako wanaotaka tuamini kwamba miayo ile ilikuwa ishara. Huenda ilikuwa, ila mtoto yeyote aliyefika duniani katika hali ile angekuwa na haki ya kupiga miayo. Baba yake, mkulima mwenye heshima kubwa na shamba dogo, alimpa jina lenye maana ya mwenye bahati, na jina hilo lilibaki naye hata bahati yenyewe ilipomkimbia. Kuhusu utoto wake hatujui mengi zaidi ya hayo, kwa kuwa mwenyewe alipoulizwa alisema ulikuwa mfupi na hakuupata vizuri.

Aliozwa akiwa na miaka tisa, na akapelekwa nyumbani kwa mumewe alipotimiza kumi na mitatu. Mumewe, Sukdeo, alikuwa kijana mpole aliyefuga njiwa na kuwaita kwa majina. Homa ilimchukua kabla ya masika ya pili, na tangu siku ile Bhagmani akavunjwa bangili, akanyolewa nywele, akavishwa nguo nyeupe isiyo na pindo, akala mlo mmoja kwa siku kama ilivyo desturi ya wajane wa ukoo wake. Hayo aliyabeba kimya. Lililomwelemea ni nyumba. Mavyaa wake, Ramjhari, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mgonjwa na mwenye uchungu wa mwana. Na wifi yake Dayawati, dada wa marehemu, aliyekuwa amerudi kuishi kwao pamoja na mume asiye na kazi, alikuwa na ulimi. Kisima, moto, ng'ombe, nafaka, watoto wa Dayawati mwenyewe, vyote vilikuwa juu ya mjane. Akichelewa na maji aliulizwa kama amekwenda kuchimba mto. Akiketi kidogo ukutani Dayawati alimwambia, "Mwenzetu amechoka jamani. Kumla kaka yangu kumemchosha." Na wanawake wa jirani walicheka, maana ulimi wa Dayawati ulikuwa unajulikana na ulikuwa unaburudisha maadamu haujakugusa wewe.

Aliishi hivyo mpaka alipokaribia miaka thelathini. Waandishi wa maisha ya watakatifu hupenda kusema kwamba miaka kama hiyo ilikuwa chuo cha subira. Yeye mwenyewe, tulipomwendea na maneno hayo, alitutazama kama watu waliokula kitu kibichi akasema, "Haikuwa chuo. Ilikuwa kazi." Tumeyaandika hivyo hivyo. Tunaloweza kuongeza ni kwamba hakumlaani mtu, na kwamba katika miaka yote ile, kwa ushahidi wa Dayawati mwenyewe, hapana aliyewahi kumwambia aketi.

Mwaka 1900 Ramjhari alihisi mwili unamuaga, akataka kwenda Kashi, mji mtakatifu wa kando ya mto mkuu. Kila mmoja wetu anajua sababu ya mtu kutaka hivyo: afiaye Kashi, Bwana mwenyewe humnong'oneza neno sikioni, naye hazaliwi tena. Wakafuatana wote, mgonjwa, Dayawati na mumewe, na Bhagmani akiwa amejitwisha vyombo. Walisafiri kwa mkokoteni wa ng'ombe, kisha kwa garimoshi, wakisimama usiku kucha kwa kuwa behewa lilikuwa limefurika, na walipofika stesheni asubuhi wakamkuta kuhani Chedi anawangojea. Chedi alikuwa na haki ya urithi ya kuwapokea mahujaji wote wa upande ule wa Mithila, kama babu yake alivyowapokea babu zao, naye aliifanya kazi hiyo kwa fimbo na kwa mbio. Hakuna aliyekaa. Akawateremsha mtoni wakaoga, akawapandisha hekaluni, akawazungusha kwenye vichochoro kutoka madhabahu hadi madhabahu, akawarudisha mtoni. Kwenye ngazi za mto Ramjhari alimshika Chedi upindo wa nguo.

"Maharaj, niache nikae kidogo."

"Mama, saa njema inapita," Chedi akamwambia, wala hakusema kwa ukali. "Utakaa ukifika kwenu. Bado mahali pawili tu."

Ramjhari akapanda ngazi nyingine, akaanguka, akafa na nguo yake mbichi mwilini. Watu walikusanyika kuwapongeza. Kufa Kashi, kwenye ngazi zenyewe, mwenye maji ya mto nyweleni, ni nani angetamani zaidi ya hapo? Dayawati alilia na kucheka kwa pamoja. Chedi aliguswa sana, akasema hajaona mwisho mwema kama ule tangu babu yake. Bhagmani aliinama akaanza kuikamua ile nguo, na waliokuwa karibu walimsikia akisema, "Alitaka kukaa tu." Maneno hayo matatu ndiyo mwanzo wa yote tunayoyasimulia. Hakuona mwanga wala hakusikia sauti. Alikuwa mwanamke aliyechoka akikamua maji katika nguo ya mwanamke aliyekufa kwa kuchoka, na kitu ndani yake kikakataa.

Walipokwisha kuchoma maiti na kutia majivu mtoni, Dayawati alimwambia, "Wewe kaa hapa ulinde vyombo, tunakwenda kutafuta mkokoteni." Bhagmani akakaa. Jua likazama, likachomoza, likapanda. Alipofungua mzigo aliokuwa akiulinda hakukuta vyombo; alikuta nguo zake mwenyewe na kipande cha sukari guru kilichofungwa jani. Wajane wengi wameachwa Kashi kwa namna hiyo, na wengi wao wameachwa na watu wanaojiita wema. Bhagmani alipokuwa akilisimulia jambo hili hakuwahi kulalamika. Alisema tu kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa akae, na kwamba alikaa vizuri.

Alipata kazi ya kufagia katika nyumba ya mahujaji iliyojengwa na mfanyabiashara mmoja kusini mwa mji, na hapo ndipo desturi yake ilipoanza. Mahujaji walikuwa wakifika wakiwa hawajiwezi: wengine wametembea kutoka milimani, wengine wamebeba wazazi wao mgongoni, nyayo zimepasuka, macho yametumbukia. Makuhani walikuwa wakiwangojea mlangoni. Bhagmani aliwatangulia kwa mkeka. Aliutandika, akaupiga kwa kiganja, akasema, "Lala kwanza." Mtu akipinga, akisema amekuja kuoga, amekuja kusali, ana nadhiri, alijibu, "Mto upo. Ulikuwapo kabla hujazaliwa. Lala kwanza." Hakuwa na mahubiri mengine. Na sauti yake, wanasema wote waliomsikia, haikuwa tamu. Ilikuwa ya mtu aliyechoka zaidi yako, na labda ndiyo maana watu walimtii.

Katika miaka hiyo hiyo aliweka kiapo mbele ya mtawa mmoja mzee, kiapo ambacho wengi wetu tumekiweka na wachache wamekitimiza: kutovuka mpaka wa Kashi mpaka kufa. Alikuwa na sababu moja, naye hakuificha. "Mimi nimechoka," alisema, "na si uchovu wa leo. Nadhani nilikuja nao. Sitaki kurudi tena, hata kama nitarudi malkia. Malkia naye huamshwa asubuhi." Mji una mpaka wake, na mpaka wa mashariki ni mto wenyewe. Ng'ambo, kule kwenye mchanga mtupu tunaoutazama kila siku jua likichomoza, si Kashi. Na si kwamba hakuna faida tu kufia kule: tumelelewa tukiambiwa kwamba afiaye ng'ambo huzaliwa punda. Tunacheka tukisema hivyo, lakini hakuna mzee wa mji huu anayekubali mwaliko wa chakula kule, na mtu aliyevuka kwa shughuli akianza kukohoa hukimbilia mashua. Wavushaji wana mizaha yao kuhusu hilo, humnyooshea abiria mzee vidole viwili kama masikio ya punda wakati mashua inaondoka. Bhagmani hakuvuka hata mara moja. Hakuzamisha hata mguu mbali na ngazi.

Jaribu lake kubwa la kwanza lilikuwa kupatwa kwa jua. Hakuna saa ya kuoga iliyo bora kuliko hiyo, na watu hufunga safari ya miezi ili waukute mto wakati kivuli kikiwa juu yake. Kundi la watu wa milimani lilifika siku iliyotangulia, wanaume na wanawake, wakiongozwa na mzee mmoja wa Kumaon aliyekuwa amenadhiri safari ile tangu mwanawe apone ugonjwa. Walikuwa wametembea mpaka wakasahau kuzungumza. Bhagmani aliwatandikia, nao wakalala. Asubuhi Chedi alikuja kuwaamsha, akamkuta amekaa kizingitini.

"Pisha, mjane. Jua linaanza kuliwa."

"Wamelala."

"Ndiyo maana nawaamsha. Kwani wamekuja Kashi kulala?"

"Waliokuja wamelala, Maharaj," alisema. "Wakiamka wenyewe nitakupisha. Mimi siwaamshi."

Chedi, kwa kuogopa mkosi, hakuthubutu kumgusa mjane siku ya kupatwa, akabaki anapiga fimbo ukutani. Ndani hawakusikia. Jua likafunikwa, mji mzima ukaingia mtoni kwa kelele, jua likafunuka. Walipoamka saa njema ilikuwa imepita na haingerudi katika maisha ya hata mmoja wao. Mzee wa Kumaon alikaa chini akalia kama mtoto. Vijana wake walimpiga Bhagmani kwa viatu, naye hakukinga uso, na msimamizi wa nyumba alimfukuza kabla ya jioni. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Walikuwa wamechoka." Kama alifanya vyema au vibaya, mwandishi huyu hajui, na amelifikiria miaka mingi. Kumwibia mtu nadhiri yake si jambo dogo. Lakini inakumbukwa pia kwamba mwanamke mmoja wa kundi lile, aliyekuwa hajapata usingizi tangu azike mtoto wake, alimfuata mpaka njiani wakati wengine wangali wanamtukana, akamshika mikono, akamwambia, "Hili ndilo nililolijia." Huo tunauhesabu kuwa muujiza wake wa kwanza.

Kutoka hapo alihamia kwenye kibaraza kilichobomoka juu ya ngazi, karibu na pale kijito cha Asi kinapoingia mtoni, na huko alikaa maisha yake yote ya mjini. Watu walimfuata. Wakaanza kumwita Maiya, mama, na wengine wakataka kumgusa miguu, naye aliivuta akisema, "Iache, nayo imechoka." Hakuwa mpole. Aliwakaripia waliokuja na maswali marefu. Aliishi kwa unga wa dengu za kukaanga na chumvi, na mikeka iliongezeka mpaka ikaziba njia. Wasiopata usingizi kwao walilala pale: wafiwa, wadaiwa, wanafunzi, mwanajeshi mmoja aliyerudi kutoka vita vya ng'ambo ya bahari akiwa anatetemeka. Hata Chedi, alipozeeka na miguu kumvimba, alikuja siku moja bila fimbo, akasimama akitazama pembeni. Bhagmani alimtandikia mkeka bila kusema neno, na kwa Bhagmani kunyamaza ilikuwa ni heshima kubwa.

Ndipo ukaja mwaka 1926, ambao wazee wa kibaraza huuita mwaka wa kizuizi. Kipindupindu kilizuka kati ya mahujaji waliokuwa wakija kwa miguu kutoka mashariki wakati wa joto, na amri ikatolewa kwamba wasiingizwe mjini. Walizuiwa ng'ambo, kwenye mchanga. Mashua ziliruhusiwa kupeleka mchele na kuni, lakini mtu aliyeshuka kule hakuruhusiwa kurudi mpaka ugonjwa uishe. Hatuilaumu amri, bila hiyo labda tungekufa sote. Lakini yafikirie macho ya wale watu. Walikuwa wameuza ng'ombe ili wafike. Waliziona ngazi, waliuona moshi wa mahali pa kuchomea maiti, walisikia kengele za jioni, na kila siku wengine wao walifia pale pale, katika upande wa punda, upana wa mto mmoja tu kutoka kufunguliwa wasizaliwe tena. Mvushaji Khelawan, aliyekuwa akipeleka kuni na kuzitupa ufukweni bila kushuka, alisema kwamba hawakuwa wakilia kwa maumivu bali kwa hofu, na kwamba hawalali.

Khelawan alikuja kibarazani siku moja adhuhuri, akakaa mbali kidogo, kwa adabu.

"Maiya, kuna bibi mmoja kule wa nchi yenu. Mjane, kama wewe. Wanawe wamemwacha wakakimbia."

"Wako wengi wa nchi yetu."

"Huyu anasema aliwahi kumwacha mke wa kaka yake katika mji huu, na sasa yamemrudi. Anawaambia watu wote, hata wasiotaka kusikia. Ana ulimi huyo bibi, hata akiwa anakufa."

Maiya akamuuliza kama bibi huyo analala. Khelawan akasema halali, anasema akifumba macho anaona masikio. Hapana aliyecheka.

Alikaa mchana kutwa bila kula. Tunajua alichokuwa akikipima, kwa kuwa alikisema kwa sauti, akimwambia mwalimu Tribhuvan, mfuasi wake wa karibu kuliko wote, ambaye ndiye aliyetuachia habari hizi. Alikuwa anakaribia miaka hamsini na mitano, na mwili wa mtu wa themanini. Akivuka, amevunja kiapo cha maisha yake. Akivuka, hakuna kurudi mpaka ugonjwa uishe, na kwa mwili ule ugonjwa ungemmaliza yeye kwanza. Kitu kimoja tu alikuwa amekitaka tangu aachwe kwenye zile ngazi, na kilikuwa kimekaribia kiasi cha kukigusa.

"Maiya, si lazima," Tribhuvan alimwambia. "Yule alikutupa."

"Najua alichofanya. Nilikuwepo."

"Basi ukifia kule? Miaka yote hii, Maiya. Urudi kuanza upya? Tena urudi punda?"

"Usinikumbushe, mwanangu, mimi ndiye ninayekumbuka." Akapangusa uso kwa upindo wa nguo. Tribhuvan anasema hakuwa na uso wa mtakatifu saa ile. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa. "Nimechoka, mbona hawaniachi? Nilidhani ningemaliza kimya kimya." Akaegemea nguzo, akasimama. "Haya. Chukua mkeka ule mpana. Mwambie Khelawan asiondoke."

Kwenye ngazi ya mwisho, pale watu wanapopandia mashua, alisimama muda mrefu na mguu mmoja juu ya jiwe. Wafuasi walitumaini atageuka. Khelawan, ambaye amemvusha kila aina ya mtu, hakumnyooshea masikio; aliangalia maji. Kisha ule mguu ukafuata. Alilia mto mzima, Khelawan alisema, kwa sauti, kama mtu anayetolewa kwao, na hakuona aibu.

Alimkuta Dayawati chini ya turubai la magunia, amekauka mpaka hatambulikani, isipokuwa sauti. Waliosalia kambini walieleza baadaye jinsi wajane wale wawili walivyotazamana.

"Ni wewe?" alisema Dayawati. "Umezeeka vibaya, wifi."

"Na wewe hujapendeza. Sogea."

Maiya akatandika mkeka, akamvuta juu yake, akamlowesha midomo kwa maji ya chumvi na sukari guru. Dayawati akaanza kuomba msamaha, maneno mengi, yote kwa pamoja, ngazi na vyombo na Sukdeo na ile miaka ya kisimani, na Maiya akamwambia hana nguvu za kusikiliza yote hayo, amwambie moja tu linalomkosesha usingizi.

"Nitakuwa punda," Dayawati akasema. "Wifi, naogopa. Watanipiga."

Hapo ndipo Maiya Bhagmani aliposema lile neno ambalo kwa ajili yake tunamkumbuka. Angeweza kumwambia kwamba ni hadithi za wavushaji tu. Angeweza kumwambia kwamba Mungu yupo pande zote mbili za mto, kama wanavyosema wasomi wakiwa wamekaa salama upande huu. Hakusema hivyo, kwa sababu aliamini kama Dayawati alivyoamini. Alijilaza kwenye mkeka ule ule, ubavu kwa ubavu na mgonjwa, akasema, "Basi tutakuwa punda wawili. Wewe ulikuwa mvivu tangu zamani, utakuwa punda mbaya. Ukichoka, mimi nitavuta. Lala kwanza."

Na Dayawati akalala. Neno lile lilitembea kambini kutoka turubai hadi turubai. Watu walikuja wakakaa karibu, wakasema na wao wahesabiwe, na Maiya akawajibu kwa uchovu kwamba mwenye kutaka na awepo, njia ni pana. Wengi walikufa pamoja na hayo. Hatusemi kwamba aliponya. Tunasema kwamba walikufa wamelala, na waliosalia wanasema kelele ziliisha. Yeye mwenyewe alishikwa na ugonjwa kabla juma halijaisha. Walimwelekeza uso upande wa mji, kwa heshima, ili auone. Akawaambia wamgeuze, mwanga wa maji unamuumiza macho. Wakamgeuza kuelekea mashamba ya mashariki, akafa hivyo, mwezi wa Chait, joto linapopanda, mwaka 1926, na wakamchoma kwa kuni alizoleta Khelawan.

Habari ilipofika kibarazani ilileta msiba na, tusifiche, ilileta aibu. Mtakatifu wa Kashi amekufa upande wa punda. Baadhi ya wafuasi walitaka iandikwe kwamba alikuwa amekwisha kupanda mashua ya kurudi, kwamba alikata roho katikati ya mto, penye mpaka, na kwamba Bwana aliwahi kumfikia sikioni kwa upana wa unywele tu. Tribhuvan mwenyewe alishawishika kwa muda. Hadithi hiyo bado inauzwa mjini pamoja na picha yake akiwa amezungukwa na nuru. Si kweli. Alifia mchangani, ameupa mji mgongo, na alijua. Anayemwondolea hilo amemwondolea kila kitu.

Maajabu yanayosimuliwa ni mengi, na msomaji atachagua. Wanasema mahali alipochomewa mchanga haupati moto hata saa sita mchana. Wanasema mwaka uliofuata punda jike wa dobi mmoja wa ng'ambo alizaa watoto wawili kwa mimba moja, jambo ambalo ni nadra, na kwamba mmoja alikataa kunyonya mpaka mwenzake ashibe. Sisi wa kibaraza tunazo ajabu zetu ndogo zaidi. Mikeka ipo, na wasiolala huja, na hulala. Na madobi wa upande ule, ambao hawakuwahi kumwona hai, hushusha mizigo ya nguo migongoni mwa punda wao adhuhuri, wakangoja jua lipungue, wakati madobi wengine wote wa nchi wanawaendesha bila kuwapumzisha.

Lakini jambo hilo walifundishwa na Dayawati, maana yeye alipona. Mvua za kwanza zilipoanguka amri iliondolewa, na asubuhi ile mashua zote za mji zilivuka. Watu walikanyagana. Wanawake walijitupa majini wakiwa na nguo zao. Tribhuvan alivuka pia, kuchukua majivu, akamkuta Dayawati amekaa peke yake mchangani, mzigo wake haujafungwa. Khelawan alikuwa amemwekea nafasi.

"Mama, mji ule pale," Tribhuvan akamwambia. "Ndio uliokuja kufia. Panda."

"Nauona, mwalimu. Ni mzuri."

"Basi twende. Maiya alivuka ili wewe ufike."

"Hakuvuka ili nifike. Alivuka ili nisiwe peke yangu." Dayawati alikuwa bado dhaifu, akapumua kati ya maneno. "Nikiwa kijana nilimtwisha yule mwanamke kazi zangu zote. Kisha nikamtupa. Amesema tutakuwa wawili. Sasa mimi nipande mashua hiyo, nikafunguliwe, nimwachie tena avute peke yake? Nenda wewe."

Mashua ikaondoka bila yeye. Aliishi miaka tisa ng'ambo, kati ya madobi, akipaka manjano na mafuta ya haradali vidonda vya migongo ya punda na kuwatukana wenye punda kwa ulimi ule ule, na kila alfajiri jua lilipochomoza nyuma yake aliiona Kashi yote, ngazi kwa ngazi, asiende. Alikufa mwaka 1935 akiwa ameagiza asivushwe.

Basi ninyi mnaosoma habari hizi na kutaka kumfuata Maiya Bhagmani, hamwambiwi mfunge wala mkae macho. Sisi wa Kashi tutafia hapa na hatutarudi. Hilo tunaliamini na tunalifurahia. Wale wawili, kama watu husema kweli, wamesharudi, wako barabarani mahali fulani, na mzigo uko mgongoni. Kwa hiyo ukimkuta punda amesimama njiani, amegoma, na mwenyewe ameinua fimbo, mshike mkono huyo mtu. Mshushe punda mzigo, ukae naye.